Tulivyopima uamuzi wa kuhamia kijiji cha pwani

Watu wakisikia unafikiria kuhamia kijiji cha pwani, swali lao ni moja: mtazoea? Kuzoea hakukunisumbua hata kidogo. Binadamu huzoea joto, huzoea kimya, huzoea maduka kufungwa mapema. Nilichotaka kujua ni kama mahali penyewe patatubeba sisi watatu: mimi na mume wangu, ambao kazi zetu tunazifanya kwa kompyuta, na mama yangu mwenye presha ambaye tunaishi naye.

Mume wangu alikuwa ameshahama moyoni. Likizo moja tu ilimtosha. Aliporudi akaanza kuulizia viwanja. Mimi kazi yangu ni kutunza hesabu za watu, na nyumbani nako kitabu cha matumizi kiko mkononi mwangu, kwa hiyo nikamwambia kiwanja kingoje. Kwanza twende huko wakati ambao wageni hawaendi.

Wakati wenyewe niliuchagua kwa makusudi. Bahari hujaa sana siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mwandamo, ndiyo bamvua, na bamvua kubwa zaidi za mwaka kwa kawaida huja karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Hapo jua liko juu ya ikweta na mvuto wake unaungana vizuri na ule wa mwezi. Dhoruba ikipita siku hizo, mambo huzidi: mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1, kizio chake cha kupimia, maji huinuka kama sentimita 1, na hapo bado hujahesabu yale yanayosukumwa na upepo. Tukaenda na bamvua ya Machi, na mvua ikatukuta huko huko.

Kiwanja cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa na mstari wa mwani mkavu na vijiti ndani ya uzio, hatua chache tu kutoka pale dalali alipotuambia sebule itakaa. Dalali akasema ni takataka za watoto. Watoto gani hao wanaopanga mwani kwa mstari ulionyooka kutoka kona hadi kona? Mume wangu alikaa kimya, nami nikajua safari imeanza kulipa.

Lakini jambo lililokula muda wetu mwingi ni maji ya kunywa. Nilikuwa nimebeba kipimo kidogo cha mkononi, kile cha kuchovya ndani ya glasi kikakusomea chumvi na madini yaliyoyeyuka. Maji ya bahari husoma karibu miligramu 35,000 kwa lita. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, maji yaliyo chini ya 600 hivi huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Nyumba iliyokuwa inauzwa karibu na ufuo ilikuwa na kisima chake, na mwenye nyumba alikisifu sana. Asubuhi kikasoma 700 na kitu. Nikamwomba awashe pampu ajaze tangi lote, sisi tukakaa kivulini tukingoja. Tangi lilipojaa nikachovya tena: kimepita 1,500. Mwenye nyumba akasema kipimo changu kibovu. Nikachovya kwenye chupa ya maji tuliyonunua njiani, kikasoma chini ya 100.

Kinachotokea huko chini si siri. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo ardhini karibu na pwani huwa yanaelea juu ya maji ya chumvi. Wataalamu wawili, Ghyben na Herzberg, walieleza uwiano wake kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini yake. Inapendeza kuisikia mpaka uigeuze. Ukivuta maji hadi usawa wake ushuke mita 1, chumvi ikipata muda inaweza kupanda hadi mita 40. Ndiyo maana karibu na ufuo kuchimba zaidi si dawa. Afadhali kisima kifupi kinachotekwa polepole. Na hata wewe ukiteka kwa adabu, jirani akileta pampu kubwa ya kumwagilia bustani ya wageni wake, chumvi yake mtagawana.

Wengi wangesema hiyo ni ladha tu, chujio litamaliza. Chujio la kawaida haliondoi chumvi. Inataka mtambo wa kusukuma maji kupitia utando mwembamba, ambao unakula umeme na unamwaga sehemu ya maji yako. Tena kwetu jambo halikuwa ladha. Shirika hilo hilo linashauri mtu mzima asipitishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, na daktari wa mama alikuwa ameshamwonya kuhusu chumvi ya mezani. Maji yenye miligramu 400 za sodiamu kwa lita, akinywa lita mbili tu, ameshapata asilimia 40 ya kipimo chake kabla hajagusa chakula. Kipimo cha mkononi hakikuambii ni chumvi gani uliyo nayo, hata chokaa husomeka humo, kwa hiyo nilijaza chupa safi kwenye visima vilivyotuvutia nikazipeleka maabara. Majibu yakaondoa visima vyote vya ufuoni. Kile cha mwinukoni, ndani kidogo, kilipita.

Tulipiga pia hesabu ya mvua. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye paa la mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 1,000, ukitoa kidogo kwa yanayoruka na kupotea. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi unaiacha ioshe paa, maana pwani paa linakusanya chumvi pamoja na mavi ya ndege. Kwa maji ya mama ya kunywa hesabu ilitosha. Kwa kufua na kuoga haikutosha.

Baada ya maji nikaanza kuangalia bawaba. Mume wangu alicheka, lakini kaa ujaribu: nyumba ya pwani usiitazame rangi yake, maana rangi hupakwa siku moja kabla mnunuzi hajafika. Tazama bawaba za madirisha, misumari ya bati, soketi, na nguzo kwa chini. Kwenye nyumba moja nzuri mno niliona ufa mwembamba ukishuka na nguzo wima, na michirizi ya kahawia chini yake. Nikagonga kwa funguo, kipande cha zege kikabanduka, nondo ndani imevimba na inamenyeka magamba. Chumvi hupenya zege taratibu, na ikifikia nondo chuma huanza kushika kutu. Kutu inataka nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, na kwa kuwa nafasi hiyo haipo, zege linapasuka.

Fundi aliyekuwa akirekebisha ukuta wa nyumba hiyo nilimuuliza mchanga wanautoa wapi.

"Hapo hapo ufuoni, mama. Bure kabisa."

Bure, na chumvi yake ndani. Mchanga wa bahari usiooshwa unaipa nondo ugonjwa siku ya kwanza ya ujenzi. Nilimpenda yule fundi kwa kusema kweli. Wenzake wengi wangetaja mto. Yeye pia ndiye aliyenieleza kwamba hata chuma cha pua, kile kisichoshika kutu kirahisi, si kimoja: cha daraja la 304 kikiwa karibu na mawimbi huota madoa, cha 316, chenye madini ya molibdenamu, huvumilia zaidi. Akaongeza kwamba akipanda bara kidogo vifaa vyake vinadumu. Sehemu kubwa ya chumvi inayopeperushwa na upepo huanguka ndani ya mita mia kadhaa za kwanza, na tofauti hiyo tuliiona wenyewe kwenye mabati ya paa za huko juu.

Kuhusu ufuo kuliwa, sikuhitaji chombo. Minazi iliyolala na mizizi ikiwa wazi inajieleza. Nilifungua picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth, nikarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na mstari wa majani mabichi ukawa unajongea bara. Kisha nikamsalimu mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Nilimuuliza kijiji kilikuwaje alipokuwa mdogo. Hakuhutubu. Alininyooshea kidole mawimbi yanapovunjika, akasema kisima walichokuwa wakichota maji utotoni kilikuwa pale.

IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti yake ya 2021 ilisema wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kasi kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Hizo ni namba za kweli na zinaongezeka, lakini kisima cha mzee hazikukimeza peke yake. Mikoko ilikatwa, mchanga ulichotwa, na wenye nyumba wawili walijenga kuta za kuzuia mawimbi ambazo zilimhamishia jirani nguvu yote ya maji. Nchi nyingi zina sheria ya umbali kutoka alama ya maji makuu ambao haujengi. Watu husahau kwamba alama yenyewe inatembea. Nyumba iliyojengwa kihalali inaweza kujikuta ndani ya eneo la katazo bila kusogezwa tofali.

Halafu hospitali. Kwa mtu mwenye presha hofu kubwa ni kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Zahanati ya kijiji, hata ikiwa na muuguzi hodari, haina mashine hiyo. Kwa hiyo tuliendesha gari hadi hospitali yenye nayo, mchana, na tena usiku mvua ikinyesha. Kijiji tulichokipenda zaidi kilitutoka hapo. Mchana tulifika mapema, usiku daraja dogo lilikuwa limefunikwa na maji, tukageuza. Kijiji cha pili hakina ufuo mzuri kama ule, lakini barabara yake haivuki mto.

Intaneti ilikuwa rahisi: tulijaribu laini tofauti ndani ya nyumba yenyewe, saa za jioni ambapo kila mtu yuko mtandaoni, na moja ikafaa. Umeme hukatika, betri tunazo.

Ardhi ndiyo niliyoiendea polepole kuliko vyote. Vijijini kipande kimoja kinaweza kuwa na hati, shamba la ukoo, na njia ya wavuvi kwenda baharini, vyote kwa pamoja. Muuzaji atakuonyesha hati. Njia ya wavuvi utaonyeshwa na jirani, ukimuuliza muuzaji akiwa hayupo.

Basi tukapanga, hatukununua. Nyumba iko mwinukoni, kama kilomita mbili kutoka baharini. Mume wangu alilalamika kwamba mtu hawezi kuhamia pwani asione maji. Sasa huamka alfajiri akateremka kwa miguu, na lalamiko lake jipya ni kilima wakati wa kurudi. Mama amepata rafiki wa kuongea naye kuhusu kuku. Kiwanja cha jirani kinauzwa na mwenyewe ametuahidi kungoja. Mkataba wetu wa kupanga unavuka mwisho wa kiangazi, wakati visima viko chini kabisa. Siku hizo nitajaza chupa nyingine niipeleke maabara, na sodiamu ikipita kiwango alichotuandikia daktari, tutaongeza tangi la mvua na kuendelea kulipa kodi.