Natafuta chumvi ili niyajue maji
Watu hudhani sisi tunaosomea haidrolojia, yaani sayansi ya maji, ya maeneo makavu kazi yetu ni kutafuta maji. Mimi sehemu kubwa ya utafiti wangu nimeitumia kutafuta chumvi. Kila mfuko wa udongo unaofika maabara kutoka mita kadhaa chini ya jangwa, kitu cha kwanza ninachopima ni kloridi, sehemu ya chumvi.

Mvua hushuka na chumvi kidogo mno. Jua na mizizi huyachukua maji, chumvi wanaiacha. Kadiri maji yanayopenya chini yanavyokuwa machache, ndivyo chumvi inavyokolea. Chukua mahali penye mvua ya milimita 200 kwa mwaka, ikiwa na kloridi miligramu 1 kwa lita. Ukikuta maji yaliyo udongoni yana miligramu 100 kwa lita, yaani mara mia ya zile za mvua, basi yanayoshuka hadi kwenye hifadhi ya maji chini ya ardhi ni sehemu moja ya mia ya mvua: milimita 2 tu kwa mwaka. Milimita mbili! Mara ya kwanza nilipopata jibu la namna hiyo nilirudia hesabu mara tatu, kisha nikakaa kimya.

Ndiyo maana pampu kubwa zinazovuta maji ya chini ya jangwa zinanitia hofu. Maji mengi ya miamba ya mchanga ya Nubia, chini ya Misri, Libya, Sudan na Chadi, yaliingia humo maelfu ya miaka iliyopita, Sahara ilipokuwa na mvua.

Kesho naanza sampuli za korongo la msimu. Huko mafuriko ya saa chache hupenya mchangani, na natarajia kukuta chumvi pungufu.