Tone Moja la Maji

Tulisikia kutwanga kabla hatujauona mlango. Du, du, du, kama watu watatu wanaopokezana michi katika kinu kimoja. Ilikuwa asubuhi ya ukungu katika milima ya Auvergne, Ufaransa, karibu na mji wa Ambert. Nilikuwa najifunza kujalidi vitabu, na nilikuwa nimeshika maelfu ya karatasi bila kujua hata moja ilizaliwaje. Ndiyo maana nilikwenda kwenye kinu cha kutengeneza karatasi cha Richard de Bas.

Maji ya kijito yanasukuma gurudumu. Gurudumu linazungusha gogo nene lenye meno. Meno yanainua nyundo za mbao kisha yanaziachia zianguke mashimoni, juu ya matambara ya pamba na kitani yaliyolowa. Nyundo za kwanza zina misumari mikali ya kuchana. Zinazofuata, misumari yake ni butu. Za mwisho ni mbao tupu, za kulainisha rojo. Nilisimama pale hadi wenzangu wakaniacha. Tangu 1943 mahali hapo ni makumbusho, lakini karatasi bado inatengenezwa kwa mkono, na ningeumia sana kuzikuta nyundo zile zimenyamaza nyuma ya kioo.

Fundi aliniita kwenye hodhi la rojo hilo akanipa chekecheke ya nyaya yenye fremu. Nikaizamisha, nikaiinua, nikaitikisa mbele na nyuma, kushoto na kulia, alivyonionyesha, ili nyuzi zishikane kabla maji hayajachuruzika yote. Nilipoondoa mkono, tone likadondoka kutoka kidoleni hadi katikati ya karatasi mbichi.

Moyo ulinishuka. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwona akirudisha hodhini kila yenye kasoro. Hii hakuirudisha. Aliilaza juu ya kitambaa cha sufu, akanieleza kwamba watu wa kazi hiyo huliita tone kama lile chozi la mtengeneza karatasi, na kwamba ukiinua kurasa za vitabu vya kale kwenye mwanga utayakuta.

Ilibaki huko, ikamuliwe na kuanikwa darini. Ilinifikia kwa posta baada ya wiki kadhaa. Kabla ya kusoma barua iliyokuja nayo niliiinua dirishani: mistari ya nyaya, na katikati yake kiduara cheupe, kidogo kama punje ya dengu.