Akiba ya Mto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Marko 6:30-46. Nawaomba mlisome lote kabla ya kuendelea, maana mstari wa 31 tumeuzoea mpaka hatuusikii tena: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Kwa miaka mingi nimeusoma kama wito wa watu wengine. Safari hii nilishikwa na maneno yanayofuata pale pale, kwamba watu walikuwa wakija, wakienda, hata mitume wasipate nafasi ya kula.

Nafasi ya kula. Kwangu nyumbani kuna hotipoti ya bluu, imepasuka kidogo kwenye ukingo wa kifuniko. Kila siku ya kazi, saa moja na nusu jioni, naijaza chakula cha baba watoto, naifunika vizuri, naiweka mezani na kijiko juu yake. Yeye hutoka kazini saa kumi na mbili, na kwa jamu ya barabara ya Outer Ring hapa Nairobi akifika ni saa tatu kasoro. Jumatano mimi niko kwaya. Alhamisi yeye ana kikao cha wazee wa kanisa. Ijumaa mara nyingi kuna kesha, Jumamosi kuna harusi ya mtu au kamati ya mazishi, na Jumapili sisi ndio tunaofungua kanisa na ndio tunaolifunga. Tumeoana miaka 14. Hiyo hotipoti ni ya tatu.

Mama mmoja wa ushirika wetu alituona. Hakutuhubiria. Alituletea hema lake, meko, na mifuko miwili ya kulalia, akasema, "Dada, nendeni mahali. Jumapili kanisa litafunguliwa na wengine."

Basi mwezi wa pili, jua la kiangazi likiwa kali, tukaondoka Alhamisi alfajiri. Watoto tuliwaacha kwa shangazi yao. Tukapita Thika, Sagana, na Karatina, ambako baba watoto alinunua ndizi na viazi vya kulisha kwaya nzima, kisha Kiganjo hadi Naro Moru, upande wa magharibi wa Mlima Kenya. Hema tulilipiga kando ya mto wenye jina hilo hilo, chini ya mti mkubwa wa mwerezi.

Mto wenyewe si mpana. Pale tulipokaa, mtoto wa darasa la pili angerusha jiwe likavuka. Lakini maji yake yanatoka juu kabisa, bonde la Teleki, chini ya ile barafu inayozidi kuisha kule vileleni, na yana baridi ya kukusahaulisha kwamba una vidole vya miguu. Ni maangavu. Nilikaa juu ya jiwe nikahesabu kokoto chini yake, nyeusi na za rangi ya chai. Samaki mmoja, trauti, alikuwa amesimama akiukabili mkondo, anatikisa mkia tu, haendi mbele wala harudi nyuma. Nilimtazama mpaka shingo ikauma. Tangu lini nilitazama kitu kimoja muda wote huo?

Usiku wa kwanza hatukulala. Kutoka kwenye miti ng'ambo ya mto kulitoka sauti kama ya mtu anayekabwa, inaanza kwa kukwaruza, inapanda, inakuwa mayowe. Nilimshika baba watoto mkono, tukaomba kwa sauti. Asubuhi mzee anayetunza mahali pale akatuambia kwamba huyo ni perere, mnyama wa ukubwa wa sungura anayekaa mitini. Nikafungua Biblia, Zaburi 104, nikamkuta ndugu yake, wibari, ambaye majabali ni kimbilio lake. Zaburi hiyo hiyo, mstari wa 10, inasema Mungu hupeleka chemchemi katika mabonde, nazo zapita kati ya milima. Kumbe tulikuwa tumelala katikati ya zaburi, nasi tunakemea pepo.

Nitasema ukweli mbele za Mungu: siku ile tulipofika hatukuwa na la kuzungumza. Tulizungumzia karo. Tukazungumzia choo cha kanisa na fundi aliyechukua pesa akapotea. Tukapanga ni nani atashika zamu ya ushirika mwezi wa tatu. Hayo yalipokwisha tukanyamaza, na kimya kile kilinitisha kuliko perere. Mimi ninayewashauri mabinti wanaojiandaa kuolewa nilikuwa nimeketi karibu na mume wangu, sijui nimwambie nini.

Mtandao ulikuwa unashika kwenye kilima kidogo nyuma ya hema. Ijumaa asubuhi, kabla ya saa nne, nilikuwa nimekipanda mara tatu kuangalia ujumbe wa kwaya. Mara ya tatu nikasikia sauti kutoka chini: "Mama, shuka. Chai inapoa." Hakuniita kwa hasira. Alikuwa ameinjika mwenyewe, tangawizi imezidi mpaka inawasha koo, na kwa kuwa vikombe vingine tulivisahau nyumbani, tulikunywa kwa kikombe kimoja, tukipokezana. Mbele yetu mlima ulikuwa umesimama wazi, Batian na mita zake 5,199 zote, na mawingu yakaanza kuufunga polepole kutoka chini. Nilikuwa namenya kiazi cha kuchemsha, nakipuliza, nakila na chumvi. Nikaona ananitazama. Akasema, "Sikumbuki ni lini nilikuona ukila."

Wapendwa, nililia. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anasema kweli. Mwanamke huyu ambaye huwapakulia watu mia mbili baada ya ibada, mume wake hajui siku hizi anapenda kula nini.

Jioni ile mzee yule alikuja kuota moto nasi. Tulimsifia mto. Akatikisa kichwa, akasema tungeuona alipokuwa kijana. Akatueleza kwamba kutoka hapo kwenda chini mto unachotwa kila mahali, mfereji huku, mpira wa maji kule, pampu pale. Watu wanalima viazi, kabichi, na mboga za kupelekwa ng'ambo. Naro Moru inamwaga maji yake katika Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro inateremka kupitia Laikipia mpaka Samburu na Isiolo, nchi ya ngamia na mchanga, ikaishie kwenye kinamasi cha Lorian bila kuona bahari. Miaka ya ukame sehemu za chini hukauka kabisa. Tembo huchimba mchanga kwa miguu na mikonga kutafuta maji, na wafugaji hupanda huku juu kuomba wenzao wafunge mifereji.

"Si mvua tu," mzee alisema. "Mvua inapungua, ndiyo. Lakini pia tunauchota sana huku juu." Akasema siku hizi wenye mifereji wana chama, wanapeana zamu, na kuna kiasi cha maji ambacho hakuna mtu anayepewa kibali cha kukigusa. Kiasi hicho ni cha mto. Akakiita akiba. Hata Sheria ya Maji ya 2016 inakitambua: maji ya mahitaji ya lazima ya watu na ya uhai wa viumbe walio mtoni huachwa kwanza, ndipo wengine wanagawiwa.

Usiku ule perere alipiga kelele nasi hatukushtuka. Nililala nikihesabu mifereji yangu. Kwaya. Ushirika. Mabinti. Kamati za mazishi, ambazo huwezi kukataa, kwani mtu amefiwa. Na mifereji ya baba watoto niliihesabu pia. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba sikupata hata mmoja ambao ulikuwa mbaya. Hakuna mtu kule juu anayechota maji kwa ubaya. Kila mfereji unaenda kwenye shamba la mtu, na shamba hilo linasomesha watoto. Ndiyo maana mto hukauka bila kumpata wa kumlaumu.

Sasa rudini kwa Marko. Mitume hawakuwa wamefanya mabaya. Walikuwa wametoka kuhubiri, wamemsimulia Bwana yote waliyofanya na kufundisha, na Marko ametoka tu kutusimulia jinsi Yohana alivyokatwa kichwa na wanafunzi wake wakamzika. Kulikuwa na kazi na kulikuwa na msiba. Kwa hesabu zetu za kanisa, huo ndio wakati wa kuongeza mikutano. Bwana akasema, ninyi peke yenu. Aliiweka akiba kabla ya kugawa.

Najua mtaniuliza, lakini umati si uliwafuata? Naam. Watu waliona chombo kinaondoka, wakakimbia kwa miguu, wakafika kabla yao. Yesu aliposhuka akawahurumia, akawafundisha, na jioni wakalishwa wanaume 5,000. Kwa hiyo mapumziko ya mitume yalikuwa ndani ya chombo tu, kutoka ng'ambo hii hadi ile. Hiyo inanifariji. Sidai kwamba Bwana atatupa wiki nzima kila mara. Lakini endeleeni hadi mstari wa 46: akiisha kuwaaga watu, alikwenda mlimani kuomba. Akiba iliyoguswa mchana aliirudisha usiku. Hakusema, basi, nafasi imepita.

Na wewe usiye na mwenzi, au uliyemzika wako, usidhani tafakari hii imekupita. Wale kumi na wawili hawakuitwa kwa kuwa walikuwa mume na mke. Waliitwa kwa kuwa walikuwa wamechoka. Una rafiki, una dada, una mama yako aliye kijijini anayekula peke yake.

Wala si lazima uende Naro Moru. Mafuta ni ghali, na hema si kila mtu ana wa kumwazima. Jiji letu lenyewe jina lake la Kimaasai ni maji baridi, ingawa tunapolivuka daraja la Mto Nairobi huwa tunafunga madirisha. Msitu wa Karura upo. Maji yanaporomoka mle ndani, na miti imesimama kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 isije ikakatwa kugawia watu viwanja. Chukueni chapati, chai ya chupa, mkakae kando ya maji, simu zikiwa zimezimwa.

Tulirudi Jumapili jioni, tukakuta kanisa lilifunguliwa na likafungwa vizuri. Jumatatu nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba Jumatano moja kwa mwezi sitakuja. Baba watoto naye alizungumza na wazee wenzake. Hawakufurahi, sote tunajua, lakini walimwelewa. Tuombeane, maana ni jambo dogo na ni gumu.

Jana ilikuwa Jumatano ya kwanza. Saa kumi na mbili na nusu alinipigia simu, honi za matatu zikisikika nyuma yake, akasema, "Nimefika steji ya Taj Mall. Usinifunikie." Nikamenya viazi, nikavichemsha na maganda mengine yamebaki, kama kule mtoni. Alipobisha mlango hotipoti ilikuwa bado kabatini, imefunikwa kifudifudi, na watoto walikuwa wanauliza ni nani amekuja mapema hivi.