Smuthi ya kijani: majani yasiyashinde matunda

Leo asubuhi Soko la Mbuyuni, hapa Moshi, mchicha umemwagika, majani bado yana umande.

Mchana blenda zimenguruma mtaani, na malalamiko ni yale yale: "Mbona chungu?"

Jamani, ni vipimo.

Anza na vikombe viwili vya matunda kwa kikombe kimoja cha majani. Ulimi ukizoea, ndipo usogee nusu kwa nusu.

Majani yatangulie na nusu kikombe cha maji. Saga mpaka usione kipande, kisha tia ndizi mbivu na nanasi. Ukitupia vyote kwa pamoja, nyuzi zinabaki na utakuwa unatafuna.

Mchicha ni mpole. Sukuma wiki ni kali zaidi: toa ule uti wa katikati, kamulia ndimu. Nanasi na pasheni huzima uchungu vizuri kuliko papai, na papai likikutana na kijani, rangi inakuwa ya tope. Ladha haiharibiki, ila watoto wataikataa kwa macho tu. Robo ya parachichi inatosha kuleta ulaini.

Kuna dada kauliza kuhusu kisamvu.

Kisamvu kibichi, HAPANA. Kina sumu ya sianidi, blenda haiiondoi. Kisamvu ni cha kutwanga na kupika kikaiva sawasawa.

Na msichuje, tafadhali. Mkichuja mnamwaga nyuzinyuzi nyingi.

Ninyi mnachanganya nini na nini? Wekeni vipimo hapa chini.