Tarehe Moja, Siku Tofauti: Kagua Kwanza Kabla ya Kuandika "Siku Kama ya Leo"

Kila Aprili utasoma mahali kwamba Shakespeare, mwandishi wa Uingereza, na Cervantes, mwandishi wa Hispania, walifariki siku moja, tarehe 23 Aprili 1616. Tarehe zinafanana kwenye karatasi tu. Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo, Uingereza bado inafuata ile ya zamani, ya Juliasi. Tarehe 23 Aprili ya Waingereza mwaka ule ilikuwa 3 Mei kwa Wahispania, kwa hiyo Shakespeare alipokata roho, Cervantes alikuwa ameshazikwa siku 10 kabla. Tena hiyo 23 ya Cervantes ni ya maziko; wanahistoria wengi wanaweka kifo chake tarehe 22.

Orodha za matukio ya tarehe moja ni mlango mzuri wa kuingilia historia, ndiyo maana inaumiza kuziona zimejaa makosa ambayo hesabu ya kujumlisha ingeyaondoa.

Hesabu yenyewe ni hii. Tofauti kati ya kalenda hizo mbili ilikuwa siku 10 tangu Oktoba 1582 hadi mwisho wa Februari 1700, ikawa 11 hadi Februari 1800, 12 hadi Februari 1900, na sasa ni 13 mpaka 2100. Inakua kwa sababu Juliasi huweka tarehe 29 Februari kila mwaka wa nne bila kuruka, ilhali Gregori huiruka kwenye miaka ya karne isiyogawanyika kwa 400. Chukua tarehe ya Juliasi, jumlisha siku zinazohusika. Mapinduzi ya Urusi: 25 Oktoba 1917, ongeza 13, unapata 7 Novemba.

Wengi wanakosea kwa kutumia 13 kwa kila kitu cha Urusi. Mshairi wa Kirusi Pushkin alizaliwa 26 Mei 1799, ambayo ni 6 Juni, maana hapo tofauti ni 11. Alifariki 29 Januari 1837, yaani 10 Februari, kwa tofauti ya 12. Mtu mmoja, hesabu mbili. Ukiandika, weka zote: 25 Oktoba (7 Novemba) 1917.

Lazima pia ujue nchi ilihama lini. Hispania na Ureno zilitoka 4 Oktoba 1582 zikaamkia 15 Oktoba. Uingereza na makoloni yake zilitoka 2 Septemba 1752 zikaamkia 14. Urusi ilitoka 31 Januari 1918 ikaamkia 14 Februari. Ukikuta tukio la London la tarehe 5 Septemba 1752, kuna aliyekosea, maana siku hiyo haikuwapo kule. Na kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza rasmi 25 Machi, hivyo George Washington aliandikwa amezaliwa 11 Februari 1731, tunayoiita leo 22 Februari 1732.

Kalenda zikilingana, bado kuna saa. Bandari ya Pearl ilishambuliwa saa 1:48 asubuhi ya 7 Desemba 1941 kwa saa za Hawaii. Tokyo ilikuwa saa 9:18 usiku wa kuamkia 8 Desemba. Wajapani walianza kutua Kota Bharu, Malaya, zaidi ya saa moja kabla ya hapo, lakini kule tarehe ilikuwa imeshageuka kuwa 8. Tukio la "tarehe 8" lilitangulia la "tarehe 7". Armstrong naye alikanyaga mwezini usiku wa 20 Julai 1969 kwa saa za Washington, huku saa ya dunia ikisoma 21 Julai.

Kisha uliza kama kuna mtu aliyeichagua tarehe. Katiba ya India ilipitishwa 26 Novemba 1949, ila ilisubirishwa ianze kutumika 26 Januari 1950, kwa kuwa Wahindi walitangaza dai la uhuru kamili tarehe hiyo 1930. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963 ikawa jamhuri 12 Desemba 1964. Hapo hakuna sadfa hata kidogo.

Tarehe 9 Novemba ya Ujerumani imechanganya yote. Mwaka 1938 viongozi wa Wanazi walikuwa wamekusanyika Munich kukumbuka jaribio lao la mapinduzi la 1923, na ni kwenye mkusanyiko huo mashambulizi dhidi ya Wayahudi yalipochochewa. Tarehe ya kwanza ilizaa ya pili. Lakini 1989 ukuta wa Berlin ulifunguka jioni ile kwa sababu Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ruhusa mpya ya kusafiri inaanza mara moja, wakati ilipangwa kuanza kesho yake. Hiyo ni bahati tupu.

Sadfa za kweli zipo nyingi, na hesabu inazitaka: ukiokota matukio 23 bila kuchagua, uwezekano wa mawili kuangukia tarehe moja unazidi nusu. Lincoln na Darwin walizaliwa 12 Februari 1809, kalenda ileile. Marais wa zamani wa Marekani, Jefferson na John Adams, walifariki 4 Julai 1826, Jefferson mchana, Adams jioni ileile, miaka 50 kamili baada ya Azimio la Uhuru la nchi yao. Rais mwingine wa zamani, Monroe, akafuata 4 Julai 1831, na hapo marais 3 kati ya 5 wa kwanza wa Marekani wakawa na tarehe moja ya kifo.