ED za Mikono

"Mama mdogo, mbona glavu mbili mbili?"

Mtoto wa dada kaanza usafi hotelini juzi, kanikuta nafua: za pamba ndani, za mpira nje. Nikamwambia ni jasho. Mpira mtupu unakuchemsha humo ndani, ngozi ikishaloa ni rahisi kupasuka. Pamba inanyonya, nayo ikilowa unavaa kavu.

Sikumwambia habari za afisa utumishi wa Arusha.

Nina pumu ya ngozi, yaani ukurutu. Wataalamu wanasema mikono ikikaa majini zaidi ya saa 2 kwa zamu, kazi hiyo ina hatari kwa ngozi. Sisi waosha vyombo tulizimaliza kabla ya chai ya saa nne, tena maji ya moto, sabuni kali na klorini. Nikawa napasuka, napewa ED (Excuse Duty, cheti cha daktari cha kupumzika kazi), napona, narudi, napasuka. Miaka ile yote ndiyo hiyo.

Siku moja nimetoka mapumzikoni, yule afisa akaniita, akazitandika ED zangu mezani kama karata. Akaniomba mkono. Akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akapanua vidole kimoja kimoja. Kiganja kinang'aa mafuta ya mgando. Ule mpasuko wa pembeni mwa kidole gumba, uliokuwa unatoa damu nikishika sufuria, umefunga, umebaki mstari mwembamba. Akaubonyeza, taratibu kabisa.

"Dada, hapa mbona hamna kitu?"

Kweli, hapakuwa na kitu cha kuonekana. Ngozi hufunga juu mapema, lakini kinga yake huchukua miezi kukomaa, na sabuni haisubiri. Aliyevunjika mguu ana picha ya eksirei. Mimi nikipona tu, nimejiponza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Si haba. Ila ugonjwa wa kuja na kuondoka unazimega kidogo kidogo, na kila kipande kinadai cheti chake na maelezo yake.

Daktari wa ngozi kule Moshi ndiye aliyebadili maneno ya karatasi. Badala ya "apumzike", akaandika "asifanye kazi ya maji". Akanifundisha na kipimo cha dawa ya kupaka: mstari uliokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo chake cha kwanza, kama nusu gramu, unatosha mkono mmoja mbele na nyuma. Wengi tunapaka kwa kuibia, halafu tunasema dawa haifanyi kazi.

Nikahamishiwa stoo. Mikono ikatulia, ED zikakoma, mgao wangu wa pesa za huduma (service charge) ukapungua. Na yule afisa, hadi naacha kazi pale, aliamini kilichoniponya ni kile kikao chake.