Walinitaka ninunue mpya, ami akaniambia nilete kijiko

Euro 50. Na hapo bado hajashika bisibisi. Hiyo ni ada ya kuitika wito tu, utailipa hata fundi akija akatazama akaondoka, kama alivyofanya wangu Jumanne iliyopita. Zidisheni wenyewe kwa mia na hamsini mpate shilingi za Kenya, kisha mniambie ni fundi gani wa Malindi atakayethubutu kukudai hizo kwa kukwambia tu kwamba kitu chako kimekufa.

Kitu chenyewe ni mashine ya kuoshea vyombo. Najua mshaanza kucheka. Mama alicheka kabla yenu, siku nilipohamia nyumba hii ya hapa Brescia nikamzungushia simu aione jiko. "Mwanangu, kwani mikono umeiacha Kenya?" Nikamwambia ilikuja na nyumba. Akauliza inachukua muda gani. Nikasema programu ya kubana umeme ni kama saa tatu na nusu. Mama alinyamaza kidogo, akauliza, "Mmepika arusi?"

Sasa wiki iliyopita nikafungua mlango asubuhi nikakuta maji meusi yametuama chini, yananuka kama mtaro wa sokoni, na vyombo vimekaa na mafuta yao. Nikiwasha inavuma, mmm, mmm, kisha kimya. Nikapiga simu duka la karibu, wakanitumia kijana. Kijana mstaarabu, nitamsifu kwa hilo, alivalisha viatu vyake mifuko ya plastiki asichafue sakafu. Akainama, akasikiliza ule mvumo, akanionyesha kibati kidogo kwenye ukingo wa juu wa mlango kilichoandikwa FD 9608.

"Signora, hii ni ya 1996. Pampu imekufa. Pampu na kazi 190, juu ya hiyo 50. Dukani kwetu mpya iko kwa 429. Mimi singeitengeneza."

Kisha, akiwa anafunga begi lake, akaniuliza kwa upole kabisa, "Huko Afrika mnazo hizi?"

Nilimjibu zipo, nikamfungulia mlango. Lakini lile swali lilikaa nami mpaka jioni. Mimi natoka Malindi. Pale Ngomeni, mwendo mfupi kaskazini ya mji, Waitaliano walirusha setilaiti yao San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini, na wavuvi wakitazama. Babake huyu kijana huenda hata kutembea alikuwa hajaanza. Nanyi mnajua Malindi ya Casuarina ilivyo: ukiingia jikoni kwa Mtaliano utakuta kila kitu alichonacho Milano, na pembeni yake Mswahili mmoja aliyekabidhiwa funguo na anayejua kila skrubu ya mle ndani.

Mmoja wa Waswahili hao ni ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Alianza kwa kukata majani kwenye majumba hayo mimi sijaanza shule. Akapanda kwa jenereta, akaja kwa friji, akaja kwa pampu za mabwawa ya kuogelea, na wenye nyumba walipoanza kuleta lavastoviglie zao (mashine za kuoshea vyombo, ndivyo anavyoziita kwa Kitaliano cha Malindi kisichojua wakati uliopita wala ujao), akawa ndiye mtu wake. Hana cheti hata kimoja. Ana kisanduku cha chuma na miwani iliyofungwa uzi.

Nikampigia kwa video. Kwao saa tatu usiku, kwangu saa moja.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Baridi imewatua?"

Tulipomaliza kuulizana hali za ukoo mzima nikamweleza. Hakutaka kuiona pampu. Alitaka kibati. Nikasogeza simu, akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Nani kakwambia hii ya tisini na sita? Mwanangu, hawa ukoo wa Bosch na Siemens wana hesabu yao. Tarakimu mbili za mwanzo unaziongeza 20. Tisini na sita na ishirini ni ngapi? Mia na kumi na sita. Hesabu toka 1900, basi ni 2016. Hizo mbili za mwisho ni mwezi, wa nane. Ingekuwa ya tisini na sita kweli ingeandikwa 76."

Agosti 2016. Miaka tisa na kitu. Kitinda mimba wangu ni mkubwa kuliko hiyo mashine. Sasa sijui yule kijana alikuwa haijui hesabu hiyo, au aliijua. Nimejilazimisha kumdhania mema.

Ami akaniambia nizime umeme wake ukutani kwanza, kisha nichomoe ule ubao mwembamba wa chini karibu na sakafu nimulike kwa tochi. Huko chini kuna sinia. Ikiwa na maji, mashine inavuja mahali, na hapo ndipo mtu anaanza kufikiria kuitupa. Nikalala kifudifudi kwenye vigae vya baridi. Kavu, vumbi tupu, na kipande cha lego. "Haya," akasema, "na huo mvumo, mara nyingi pampu iliyokufa hainung'uniki. Hii inanung'unika, kuna kitu kimeikaba. Lete bilauri, sponji na kijiko."

Kijiko. Nilidhani sikusikia vizuri.

Nikachota yale maji kwa bilauri, nikamalizia kwa sponji, na mwanangu mkubwa ameshika simu huku ameziba pua. Nikatoa chujio, lile la duara unalolizungusha likatoka. Chini yake, ndani ya kishimo, upande mmoja kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Ami akasema kijiko kiingie ukingoni pale, nikibetue kwa ndani, nisitumie nguvu, na vidole nisitumbukize kabla sijaangalia kwa tochi kwa sababu humo hukaa vigae vya bilauri na vinakata. Kikatoka, tik. Nyuma yake kuna kifeni cha plastiki chenye mabawa mafupi, na katikati ya bawa na ukuta kumenasa kitu cheusi kinachong'aa.

Nikakivuta kwa kibanio cha nyusi. Kokwa ya ukwaju.

Ukwaju wa nyumbani, alionitumia mama, niliofanyia viazi karai wiki ile. Siku hiyo hiyo nililitoa chujio nikaliosha, na niliporudisha sikulizungusha mpaka likafunga. Kokwa ikapita. Nilipomweleza ami alicheka mpaka akakohoa. Kifeni nikakisukuma kwa ncha ya kijiko, kikazunguka kwa kusitasita, ndivyo kinavyotakiwa. Nikarudisha kila kitu, nikawasha, maji yakatoka yakiguguma kwenye bomba. Euro 190 zilizotaka kuniondoka, juu ya zile 50 zilizokwisha kwenda, na mbaya wangu ni kokwa.

Lakini nisijisifu mno. Nilimuuliza ami, je ingekuwa kweli pampu? Akasema angenunua pampu ya kutolea maji mwenyewe, si kitu cha bei, na kazi yake si ya siku nzima. Mpira wa mlango vilevile, chujio vilevile, mikono inayozunguka ikinyunyiza vilevile, hivyo huweka mtu mwenyewe. Anachokiogopa ni pampu kubwa inayozungusha maji ikiwa imeungana na hita, au ubao wa umeme. Hapo anauliza maswali mawili: mashine imeshapita nusu ya umri wake? Na matengenezo yanapita nusu ya bei ya mpya? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, anamwambia tajiri anunue. Umri wenyewe yeye anaukadiria miaka kumi, ikitunzwa na kumi na mitano. Kwa hiyo yangu ni mzee, hilo hakunificha. Hita ikifa mwakani nisimpigie simu kulia.

Kwa nyinyi mnaopanga kuja huku, mnaoniandikia kuuliza mishahara na hamuulizi chochote kingine: nyumba nyingi mtakazopanga zina mashine za watu za zamani, na mwenye nyumba atakuja na mkataba unaosema umezikuta nzima. Kabla hujatia saini, fungua mlango wa kila mashine usome kibati, piga picha. Ukimwita fundi, uliza ada ya wito kabla hajatoka dukani. Na kama unanunua, jua kwamba kwa mashine zilizoingia sokoni tangu Machi 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimisha watengenezaji kuwa na vipuri kwa miaka 7, na vingine kama mipira, vikapu na machujio kwa miaka 10. Ukinunua mpya, duka linalazimika kuchukua ile kuukuu bure. Hayo hakuna atakayekwambia, utayasoma mwenyewe usiku kama mimi.

Na chumvi. Wallahi hili la chumvi linaniuma. Maji ya huku yana chokaa, yale yanayoacha weupe mgumu ndani ya birika, kwa hiyo mashine ina tundu chini la kutiliwa chumvi ya mawe ya kulainisha maji. Ami aliona bilauri zangu zina ukungu akaniuliza mara ya mwisho nimetia lini. Nilikuwa sijui kama hutiwa. Sasa naenda dukani nanunua chumvi kwa euro, kwenye boksi lenye picha ya bilauri inayometa, mimi niliyepita mashamba ya chumvi ya Gongoni kila tulipokwenda kwa bibi, milima meupe pande zote za barabara na hakuna aliyeigeuzia macho.

Mama bado hajakubali. Nilimweleza kwamba mashine inatumia kama lita 10 kwa vyombo vya siku nzima, nusu ya mtungi, na yeye anajua mtungi wa mkokoteni unauzwaje bomba likikauka. Hakushtuka. Nikamsimulia habari za Josephine Cochrane, mama wa Kimarekani aliyepata hataza ya mashine hii mwaka 1886. Hakuwa amechoka kuosha, alikuwa na wafanyakazi. Ila walikuwa wakimmegulia sahani zake za kauri. Hapo mama alitulia. Zake za maua, zilizo kwenye kabati ya vioo tangu arusi yake, hata mimi sijawahi kuruhusiwa kuziosha. "Huyo alikuwa na akili," akasema. Nikafikiri nimeshinda. Akaongeza, "Lakini sufuria ya pilau inaingia?" Haiingii.

Siku ya pili nilimpigia ami kumuuliza nimtumie nini. Akakataa, kama mnavyowajua wazee wetu. Ndipo mke wake akadakia kwa nyuma kwamba tangu mwaka jana ami anatafuta mtu wa kumtumia mashine mbovu ya ukoo huo wa Bosch na Siemens kwa kontena, hata imekufa, aichambue vipuri. Nyumba anayoangalia Casuarina hukaa miezi imefungwa, hewa ya bahari imekula mpira wa mlango wa mashine ya mle, na mwenye nyumba anarudi Desemba. Nilibaki na simu mkononi. Mtu aliyekuwa akiitaka mashine yangu ife alikaa saa nzima na bando lake akinifundisha kubetua kifuniko kwa kijiko.

Mpira nimeupata, euro 22, umefika jana kwenye bahasha. Kama kuna anayesafiri kwenda Malindi kabla ya Desemba na ana nafasi ndogo kwenye begi, aniandikie. Haukunjiki, ila ukiuzungusha kama bangili unakaa vizuri juu ya nguo.